Fungasha msimbo wa mradi wako kwa git archive: hatua kwa hatua

Maswali ni yaleyale kila mara. "Kaka, nimezipu folda ya mradi, imefika zaidi ya GB moja, bando limekata haijafika hata nusu." "Dada, laptopu imekufa na mradi wote ulikuwa humo, nifanyeje?" "Mteja wa Newala anataka nimkabidhi mfumo wake. Sasa namkabidhi nini hasa?" Kujibu kwa vipandevipande kwenye simu kumenichosha, kwa hiyo majibu yote nimeyaweka hapa. Soma mpaka mwisho kabla hujagusa kibodi.

Mfano tutakaotumia ni mfumo mdogo wa PHP, wa aina ambayo vijana wengi wa Mtwara na Lindi wanatengeneza siku hizi: unarekodi kilo za korosho zinazopimwa kwenye chama cha msingi, yaani AMCOS, kabla mzigo haujaenda ghala kuu. Folda yake inaitwa `mizani`. Wako unaweza kuwa wa duka la dawa au wa matokeo ya shule, amri hazibadiliki.

Chombo chenyewe ni `git archive`. Huhitaji kukinunua wala kukipakua peke yake, kinakuja ndani ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo wako. Kazi yake ni kuchukua mradi wako jinsi ulivyokuwa kwenye komiti uliyoitaja (komiti ni hali ya mradi uliyoihifadhi ndani ya Git) na kuufungasha kuwa faili moja. Takataka za `node_modules`, faili ulizosahau kufuta na picha ulizodondosha ndani ya folda kwa bahati mbaya zinabaki nje, ilimradi hukuzikomiti.

Najua utaniambia mradi uko GitHub, kwa hiyo umeshahifadhiwa. Uko, sawa, lakini uko kwa hisani ya mwenye seva. Google Code, huduma ya aina hiyohiyo, nayo ilikuwa ya kampuni kubwa, na Januari 2016 ilifungwa. Na Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisuasua nchi nzima. Mwenye nakala mezani aliendelea na kazi.

Kabla ya kuanza

Hakikisha una vitu hivi:

- Git. Andika `git --version`, ikikujibu namba uko salama. Kwenye Ubuntu ni `sudo apt install git`. Kwenye Windows, ukisakinisha Git inakuja na Git Bash. Tumia hiyo, usitumie Command Prompt, maana baadhi ya amri za hapa chini hazimo humo.
- Mradi ambao tayari uko ndani ya ripo ya Git, yaani folda ambayo Git inaifuatilia. Kama hauna Git kabisa, fuata njia ya `tar` iliyo karibu na mwisho.
- Sehemu mbili za kuweka nakala, mfano flashi moja na diski ya nje moja. Mojawapo isilale nyumba moja na laptopu. Mwizi akiingia hachagui.
- Chaji ya kutosha. Umeme ukikatika katikati ya kunakili kwenda flashi, unabaki na nusu faili yenye jina zima.

Hatua ya 1: Ingia folda ya juu na uangalie hali

```
cd ~/miradi/mizani
git rev-parse --show-toplevel
git status --short
```

Amri ya pili inakuonyesha folda ya juu kabisa ya ripo. Kama njia inayotokea si ile uliyosimama, hamia huko kwanza. Wengi wanaliruka hili. Ukiendesha `git archive` ukiwa ndani ya folda ndogo, mfano `mizani/app`, itafungasha folda hiyo ndogo peke yake, na haitakulalamikia hata kidogo.

Amri ya tatu ikitoa kitu kama hiki, bado hujawa tayari:

```
 M app/Mizani.php
?? app/Stakabadhi.php
```

`M` ni faili uliyobadilisha bila kukomiti. `??` ni faili ambayo Git haijawahi kuijua. Zote mbili hazitaingia kwenye kifurushi jinsi unavyoziona kwenye skrini: `Mizani.php` itaingia ile ya zamani, na `Stakabadhi.php` haitaingia kabisa. Malalamiko ya "git archive imekula faili zangu" karibu yote yanaanzia hapa. Haijala kitu. Hukukomiti.

```
git add app/Mizani.php app/Stakabadhi.php
git commit -m "Ongeza uchapaji wa stakabadhi"
```

Usizoee `git add .` kwa pupa. Hatua inayofuata inaeleza sababu.

Hatua ya 2: Tafuta siri kabla hujafungasha

```
git ls-files | grep -E '\.env|\.sql|\.key|\.pem'
```

Amri hii inaorodhesha faili zenye majina ya hatari ambazo Git inazifuatilia. Ukiona `.env.example` yenye maelezo matupu, iache, ina faida. Ukiona `.env` yenyewe, yenye neno la siri la hifadhidata, itoe:

```
git rm --cached .env
echo ".env" >> .gitignore
git add .gitignore
git commit -m "Ondoa .env kwenye ripo"
```

`--cached` inaiondoa kwenye ufuatiliaji tu, faili yenyewe inabaki kwenye diski yako. Lakini sikia: imetoka kwenye toleo la leo, kwenye historia bado imo. Mtu yeyote mwenye historia anaweza kuirudisha. Kwa hiyo badilisha neno la siri lenyewe leo hii, usisubiri.

Faili za `.sql` nazo zikague kwa makini. Mara nyingi mtu amechota hifadhidata nzima ya chama, ina majina ya wakulima, namba za simu na akaunti za benki, akaiweka ndani ya mradi "kwa muda". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na mkulima wa Tandahimba hakukupa namba yake ya akaunti ili itembee kwenye flashi za watu. Muundo wa jedwali uweke kwenye mradi. Data ibaki kwenye chelezo yake ya pekee, iliyofungwa kwa neno la siri.

Hatua ya 3: Amua nini kisiingie (si lazima)

Kuna vitu viko kwenye Git kihalali ila mpokeaji havihitaji. Tengeneza faili ya `.gitattributes` kwenye folda ya juu:

```
/.github export-ignore
/michoro-ya-awali export-ignore
*.sh text eol=lf
```

Mistari miwili ya kwanza inazuia folda hizo zisiingie. Wa tatu una kazi nyingine, nitaueleza kwenye matatizo. Komiti faili hii kabla ya hatua inayofuata, kwa sababu `git archive` husoma `.gitattributes` iliyo ndani ya toleo unalofungasha, si ile uliyoihariri sasa hivi.

Watu hupenda kuondoa na folda ya majaribio. Mimi siiondoi. Atakayerithi mfumo wako ataihitaji kuliko hata maelezo yako.

Hatua ya 4: Weka tagi

```
git tag -a v1.2 -m "Toleo la msimu wa 2024/2025"
```

Tagi ni jina la kudumu unaloipa komiti moja. Unaweza kufungasha `HEAD`, yaani komiti uliyopo sasa, bila tagi, lakini baada ya miezi sita `HEAD` itakuwa imeshahama na hutakumbuka ulimkabidhi mteja nini. Mnada wa kwanza ukipita na katibu wa chama akakupigia kwamba hesabu ya kilo haikai sawa, utataka kuona msimbo uleule anaoutumia yeye.

Hatua ya 5: Fungasha

```
mkdir -p ~/hifadhi
git archive --format=tar.gz --prefix=mizani-v1.2/ \
  -o ~/hifadhi/mizani-v1.2.tar.gz v1.2
```

`--format` ni aina ya kifurushi. Kama mpokeaji ni mtu wa Windows asiyependa usumbufu, weka `--format=zip` na ubadilishe mwisho wa jina uwe `.zip`. `-o` ni mahali faili itakapokwenda. Iweke nje ya folda ya mradi, usije ukaikomiti bila kujua, halafu kifurushi kijacho kikabeba kifurushi kilichopita. Mwishoni kabisa ni tagi.

`--prefix` ndiyo yenye mtego. Inafanya kila kitu kikifunguliwa kikae ndani ya folda moja ya `mizani-v1.2`. Mkwaju (`/`) wa mwisho ni lazima. Ukiusahau, Git itabandika maneno hayo mbele ya majina yenyewe, na utakuta hivi:

```
mizani-v1.2README.md
mizani-v1.2app/
mizani-v1.2composer.json
```

Ukifanikiwa, amri haisemi kitu, inarudi kimya. Usiiendeshe mara ya pili ukidhani imegoma.

Hatua ya 6: Fungua ulichofunga

Hapa ndipo wengi hukata kona, na hapa ndipo ninaposhikilia zaidi. Kifurushi ambacho hakijafunguliwa na kuendeshwa ni faili tu yenye jina zuri.

```
ls -lh ~/hifadhi
tar -tzf ~/hifadhi/mizani-v1.2.tar.gz | head -n 20
```

Angalia ukubwa kwanza. Mfumo wa aina hii ukiwa msimbo mtupu huwa na KB mamia au MB chache. Ukiona MB 400, kuna kitu kimekomitiwa ambacho hakikupaswa. Kisha ufungue mahali papya, mbali na folda yako ya kazi:

```
mkdir -p /tmp/jaribio
tar -xzf ~/hifadhi/mizani-v1.2.tar.gz -C /tmp/jaribio
cd /tmp/jaribio/mizani-v1.2
composer install
```

Sasa uendeshe. Ingia, pima gunia moja la kubuni, chapa stakabadhi. Ukikwama kwa sababu ya faili isiyokuwepo, mteja naye angekwama palepale.

Umeona kwamba `composer install` imekula bando? Folda ya `vendor`, yenye maktaba za PHP ambazo Composer inazipakua, haimo kwenye kifurushi, kama ilivyo `node_modules` kwa wa JavaScript, na ndivyo inavyotakiwa. Ila hakikisha `composer.lock` au `package-lock.json` imekomitiwa, la sivyo mwakani utaletewa matoleo mapya ya maktaba ambayo mfumo wako hauyajui. Na kama unakabidhi sehemu ambayo mtandao ni wa kubahatisha, fungasha `vendor` kuwa faili ya pili, peke yake, ukiandika wazi kwenye jina kwamba ni `vendor`. Usiichanganye na msimbo.

Hatua ya 7: Hifadhi na historia

`git archive` inabeba toleo moja tu. Komiti zako zote za nyuma hazimo. Kwa kumkabidhi mteja inatosha. Kwa hifadhi yako mwenyewe haitoshi, kwa hiyo rudi kwenye mradi uongeze hii:

```
cd ~/miradi/mizani
git bundle create ~/hifadhi/mizani-v1.2.bundle --all
git bundle verify ~/hifadhi/mizani-v1.2.bundle
```

Faili ya `.bundle` ni ripo nzima ndani ya faili moja: matawi, tagi na komiti zote. Siku laptopu ikizama na boti ya Msangamkuu, unaandika `git clone mizani-v1.2.bundle mizani` na unaendelea ulipoishia.

Onyo: bundle inabeba historia yote, pamoja na ile `.env` uliyoitoa kwenye hatua ya 2. Usimpe mteja wala usiirushe kwenye kundi la WhatsApp. Mteja mpe `tar.gz` au `zip`, bundle ni yako.

Hatua ya 8: Piga muhuri

```
cd ~/hifadhi
sha256sum mizani-v1.2.tar.gz mizani-v1.2.bundle > mizani-v1.2.sha256
sha256sum -c mizani-v1.2.sha256
```

Jibu zuri ni `OK` baada ya kila jina. Kazi yake ni ileile ya stakabadhi ya ghalani: mzigo ukifika upande wa pili, mtu anaupima na kulinganisha na kilichoandikwa. Hata herufi moja ikibadilika njiani, namba inakataa. Ingia kwanza ndani ya `~/hifadhi` kama nilivyoonyesha. Ukitaja njia ndefu ya folda yako, njia hiyo itaandikwa ndani ya faili ya muhuri, na kwenye mashine nyingine itatafutwa na kukosekana. Kwenye Mac tumia `shasum -a 256` badala ya `sha256sum`.

Hatua ya 9: Nakili, chomoa, rudisha, hakiki

Nakili faili zote tatu kwenda flashi. Chomoa kwa utaratibu, si kwa kunyofoa. Kisha ichomeke tena ndipo uhakiki, kwa sababu ukihakiki papo hapo, kompyuta inaweza kukusomea kilichobaki kwenye kumbukumbu yake badala ya kilichoandikwa kwenye flashi. Kwenye Git Bash, flashi iliyo `E:` inaitwa `/e`:

```
cd /e/hifadhi
sha256sum -c mizani-v1.2.sha256
```

Rudia kwa diski ya pili. Na kwa wenzangu wa Shangani, Mikindani na Lindi mjini: hewa ya chumvi inakula midomo ya flashi. Iweke kwenye kopo lenye kifuniko, na mara mojamoja uitoe uendeshe amri hiyo ya mwisho. Flashi ya kuning'iniza kwenye funguo za pikipiki usiihesabu kuwa hifadhi.

Kama mradi hauna Git

Tumia `tar`, ukikaa folda moja juu ya mradi:

```
cd ~/miradi
tar --exclude=node_modules --exclude=vendor --exclude=.env \
  -czf ~/hifadhi/mizani-2025.tar.gz mizani
```

Hapa hakuna wa kukuchujia, chochote usichokitaja kwenye `--exclude` kinaingia. Na jina linalofuata `-czf` ni la faili inayotengenezwa. Ukiandika `tar -czf *` ndani ya folda, faili ya kwanza kwenye orodha itafutwa na kuandikwa upya kuwa kifurushi. Hakuna kuulizwa "una uhakika?".

Ukikwama

*`fatal: not a git repository`*. Umesimama folda isiyo na Git. Rudi hatua ya 1.

*`fatal: not a valid object name: v1.2`*. Tagi haipo au umekosea jina. Andika `git tag` uone zilizopo. Kama umechukua mradi kwa mwenzako, jaribu `git fetch --tags`.

*`fatal: detected dubious ownership in repository`*. Hutokea sana mradi ukiwa kwenye flashi, kwa kuwa flashi nyingi hazirekodi mwenye faili. Git yenyewe inakuandikia amri ya `safe.directory` chini ya ujumbe huo. Inakili jinsi ilivyo kama mradi ni wako. Bora zaidi, hamishia mradi kwenye laptopu, flashi si mahali pa kufanyia kazi.

*`gzip: stdin: unexpected end of file`*. Faili imekatika njiani, kupakua hakukuisha au flashi ilinyofolewa. Haitengenezeki, chukua nakala nyingine.

*Flashi ina nafasi GB 20 lakini inakataa faili ya GB 5.* Imefomatiwa FAT32, ambayo haipokei faili moja inayofika GB 4. Ifomati kwa exFAT baada ya kuondoa vilivyomo. Ila msimbo wa GB 5 nao unahitaji maelezo, rudi hatua ya 6.

*Kwenye seva ya Linux skripti inasema `'bash\r': No such file or directory`*. Umefungashia Windows, na miisho ya mistari imegeuzwa kuwa ya Windows. Ule mstari wa `*.sh text eol=lf` wa hatua ya 3 ndiyo dawa. Uweke, komiti, weka tagi mpya, fungasha tena.

*Folda fulani imo lakini ni tupu.* Huenda ni ripo ndogo iliyopachikwa ndani ya mradi. `git archive` haiingii humo, ifungashe peke yake.

*Nimefungasha upya tagi ileile, mbona sha256 ni tofauti?* Yaliyomo yanaweza kuwa sawa kabisa na ukandamizaji ukawa tofauti. Git 2.38 ya mwaka 2022 ilibadilisha namna inavyokandamiza `tar.gz`, na Januari 2023 GitHub walipoanza kuitumia, mihuri ya watu wengi duniani ilikataa ghafla mpaka wakarudisha ya zamani. Tunza faili uliyoipiga muhuri, usitegemee kuitengeneza tena.

*Nimekuta `mizani.tar.gz` kwenye flashi ya zamani, sijui ni toleo gani.* Kama ilitengenezwa kwa `git archive` kutoka kwenye komiti au tagi, namba ya komiti imo ndani:

```
gzip -dc mizani.tar.gz | git get-tar-commit-id
```

Ichukue namba hiyo uingie kwenye mradi na kuandika `git show` ikifuatiwa na namba yenyewe. Kwa `zip`, `unzip -z mizani.zip` inafanya kazi hiyohiyo. Isipotoa kitu, ilifungashwa kwa `tar` ya kawaida, basi ifungue kwenye `/tmp` uisome kwa macho.